Meza, Faili na Kiti: Namna ya Kuzipanga Sehemu za Tamthilia ya Ukoloni

Siku hizi tamthilia kongwe ikirudi tu mtandaoni, haipiti wiki kabla watu hawajaanza kuipanga sehemu kwa sehemu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho, ipi ya kuruka. Kila sehemu inapewa nyota zake hadi desimali, na mgeni anayetaka kuanza kutazama huziangalia namba kabla ya kuijua hadithi. "The Jewel in the Crown", tamthilia ya Granada Television ya mwaka 1984 kuhusu miaka mitano ya mwisho ya utawala wa Uingereza nchini India, nayo imo kwenye mizani hiyo. Wapo wanaosema huo ni mchezo wa watazamaji usiomdhuru mtu. Wapo wanaosema ni upuuzi, kwamba kazi ya sanaa haikatwi vipande kama nyama buchani. Naona wote wawili wanapishana na tatizo lenyewe. Kupanga kuna faida, na kuna uzito mkubwa kuliko tunavyodhani; kilichoharibika ni kipimo. Tunazipima sehemu za tamthilia ya kikoloni kwa kelele zake, yaani moto, mawe, damu na treni iliyosimamishwa njiani, ilhali ukoloni wenyewe uliendeshwa kwa utulivu, mezani, kwa faili na sahihi. Kwa kipimo hicho, saa inayoueleza ukoloni vizuri kuliko zote hushushwa kwa kuwa "haina matukio", na mtazamaji huondoka akiamini kwamba utawala ule ulikuwa fujo mbili tatu zilizoletwa na watu wawili watatu wabaya.

Kwa asiyeijua, tamthilia ina sehemu 14, ya kwanza ikiwa ndefu kupita zote. Ilirushwa na ITV nchini Uingereza kuanzia Januari 9 hadi Aprili 3, 1984, ikatwaa tuzo za BAFTA, zikiwemo za uigizaji kwa Peggy Ashcroft na Tim Pigott-Smith, na mwaka uliofuata ikachukua Emmy kule Marekani. Mwaka 2000, Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipoorodhesha vipindi 100 bora vya runinga ya nchi hiyo, iliipa nafasi ya 22. Kwa hiyo haikuanza kupangwa jana. Chanzo chake ni riwaya nne za Paul Scott zilizotoka kati ya 1966 na 1975. Scott aliijua India kwa macho yake, maana alipelekwa huko mwaka 1943 akiwa mwanajeshi, lakini alifariki 1978, miaka sita kabla hadithi yake haijafika sebuleni kwa watu. Ken Taylor ndiye aliyeziandika upya kwa ajili ya runinga, na Christopher Morahan na Jim O'Brien wakagawana uongozaji.

Hadithi inaanza mwaka 1942. Wajapani wameshaingia Burma, Uingereza ina wasiwasi, na tarehe 8 Agosti Congress, chama kikuu cha kupigania uhuru, kinapitisha mjini Bombay azimio la kuwataka Waingereza waondoke India. Alfajiri inayofuata viongozi wake wanakamatwa, Gandhi akiwa mmoja wao, na nchi inalipuka. Katika mji wa kubuni wa Mayapore, binti wa Kiingereza, Daphne Manners, amempenda Hari Kumar, kijana wa Kihindi aliyekulia Uingereza, akasoma katika shule ya watoto wa wakubwa, kisha akarudishwa India baada ya baba yake kufilisika na kujiua. Mkuu wa polisi wa wilaya, Ronald Merrick, naye amemtaka Daphne na amekataliwa. Usiku wa ghasia, katika bustani ya Bibighar, Daphne na Hari wanavamiwa na kundi la wanaume, na Daphne anabakwa. Merrick anamkamata Hari na vijana wengine, anamtesa. Daphne anakataa kutoa ushahidi dhidi yao, kesi haisimami, ndipo serikali inapotumia Kanuni za Ulinzi wa India: Hari anawekwa kizuizini bila mashtaka, bila hukumu, bila tarehe ya kutoka. Baada ya hapo hadithi inahamia kwa familia nyingine, akina Layton wa mji wa mlimani wa Pankot, na kwenda nao hadi Agosti 1947.

Hapo ndipo wapangaji wengi wanapoanza kuguna. Wanasema tamthilia inaanza kwa nguvu kisha inapoa. Orodha nyingi nilizozipitia zinazipandisha juu sehemu za Mayapore pamoja na ile ya mwisho yenye treni, na katikati panaachwa kama uwanda mkavu wa kuvukwa haraka. Malalamiko hayo yana sababu ambayo haitajwi. Katika riwaya, usiku wa Bibighar hausimuliwi mara moja. Unarudiwa kwa barua, kwa shajara ya Daphne, kwa ripoti, kwa kumbukumbu za watu waliokwisha kuzeeka, na kila msimulizi anaondoa ganda moja. Taylor aliuchukua uzi huo uliozungushwa akaunyoosha kwa kalenda, 1942 mpaka 1947. Simlaumu, mtazamaji wa 1984 kwa kawaida alikuwa anasubiri wiki nzima kati ya sehemu na sehemu, na angepotea. Lakini matokeo yake ni kwamba tukio lenyewe liko mwanzoni, na maelezo ya tukio yametandazwa katika saa zote zinazofuata. Anayezishusha saa hizo ni sawa na mtu aliyesikiliza kitendawili akaondoka kabla ya jibu, kisha akasema jibu lilikuwa refu.

Sitaki kuwadharau wanaotoa nyota. Hii ni tamthilia ya zaidi ya saa 12, na mtu mwenye kazi na watoto ana haki ya kuuliza aanzie wapi na avumilie wapi. Nyota pia zimewanyang'anya wahakiki wachache ile sauti ya mwisho waliyokuwa nayo zamani, nami naona ni vizuri. Wanaopinga kupanga kabisa wana hoja yao nzuri: tamthilia hii ni mnyororo, na pete moja ya mnyororo haina maana ikikaa peke yake. Ni kweli kwa sehemu kubwa, ila waliouunda mnyororo ndio walioipa kila pete jina lake, mwanzo wake na mwisho wake, na wakaziacha wiki nzima zikae mbalimbali. Hata msimulizi wa hadithi barazani anajua ni usiku gani wasikilizaji walikataa kwenda kulala. Kulinganisha ni namna ya kukumbuka. Swali linabaki lilelile: unalinganisha kwa kuangalia nini?

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa sauti kubwa kuliko zote, kwamba hii ni burudani tu, tusiingize siasa. Anayesema hivyo hajaitazama hata dakika kumi. Tamthilia yenyewe inakatiza hadithi yake kwa filamu za habari za wakati ule, nyeusi na nyeupe, zenye sauti ya mtangazaji mchangamfu anayewaambia Waingereza kwamba kila kitu kiko shwari. Kisha kamera inarudi kwenye chumba ambamo mambo si shwari hata kidogo. Mwongozaji amekuwekea uongo wa serikali na maisha ya watu ubavu kwa ubavu, akakuachia wewe kazi ya kulinganisha. Na tangu ilipotoka ilizua mabishano makali ya kisiasa, ambayo nitayarudia. Siasa imo ndani yake tangu mwanzo. Mtazamaji anachochagua ni kuiona au kuifumbia macho.

Basi niseme yangu. Ningeiweka juu kabisa ile saa ya mahojiano katika gereza la Kandipat. Chumba kina meza, viti na karatasi. Hari analetwa baada ya karibu miaka miwili kizuizini. Hakuna anayepiga kelele. Anayemhoji, Kapteni Nigel Rowan, alisoma shule ileile aliyosoma Hari, na Kiingereza cha mfungwa ni kilekile cha mhoji. Ukifumba macho ungeshindwa kujua nani kati yao ana funguo. Upande wa pili wa ukuta ameketi Bibi Manners, shangazi yake Daphne, anayesikiliza bila kuonekana. Kwenye faili, jibu la Hari kwa karibu kila swali la polisi ni kwamba hana la kusema, na serikali imeusoma ukimya huo kama hatia. Kumbe ulikuwa ahadi kwa Daphne. Humo chumbani ndimo anamoambiwa kwamba Daphne alishafariki wakati wa kujifungua. Ndipo anapozungumza, na tunasikia Merrick alimfanya nini usiku ule, na zaidi ya hapo, alimwambia nini: kwamba kati ya Mwingereza na Mhindi hakuna uhusiano mwingine isipokuwa dharau upande mmoja na woga upande wa pili, na kwamba kila mmoja lazima aicheze nafasi yake mpaka mwisho.

Nimeitazama saa hiyo mara tatu, na mara ya kwanza nilichoka nayo. Nilikuwa nangoja tukio. Mara ya pili niliacha kungoja nikaanza kuangalia mikono: nani anafungua faili, nani analifunga, nani anaruhusiwa kusimama. Kila kitu ambacho Hari anakisema kinathibitisha dhuluma, na watu wenye mamlaka wamekisikia kwa masikio yao, tena wanakiamini. Kisha hakuna anayefukuzwa kazi. Hari anaachiwa baadaye kimyakimya, kama mzigo uliokaa bohari muda mrefu, na Merrick, ambaye ameshahamia jeshini, anaendelea kupanda cheo hadi luteni kanali. Ukitaka kumweleza kijana wa leo kwamba utawala wa kikoloni uliweza kutenda uovu bila kila mtendaji wake kuwa mwovu, huna haja ya kumwonyesha mji unaoungua. Mwonyeshe Rowan, mtu mwema, mwenye adabu, anayeguswa kwa dhati na anachokisikia, halafu anapanga karatasi zake na kuondoka.

Nafasi ya pili naipa sehemu ya 9, "The Towers of Silence", ambayo ni ya Peggy Ashcroft zaidi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Anaigiza Barbie Batchelor, mwalimu wa misheni aliyestaafu, mwanamke wa tabaka la chini anayeongea bila kukoma kwa kuwa hakuna anayemsikiliza. Wakubwa wa Pankot wanamtoa katika nyumba aliyokuwa akiishi kama wanavyotoa sanduku. Kuna picha ambayo inasafiri kutoka mkono hadi mkono katika tamthilia nzima: Malkia Victoria ameketi kwenye kiti cha enzi, wafalme wa India, askari, wafanyabiashara na ombaomba wamemzunguka, na mmoja anamletea kito juu ya mto wa mahameli. Wamisionari waliitumia kufundishia watoto Kiingereza. Barbie anampa Merrick picha hiyo, na anamwambia kwamba haijakamilika, kuna mtu anayekosekana ndani yake: Mhindi asiyejulikana. Katika saa zote zile hakuna sentensi inayoishika tamthilia yenyewe shingoni kama hiyo. Barbie anaishia hospitalini akiwatazama tumbusi wakizunguka juu ya minara ambamo Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, huwalaza wafu wao. Hakuna bunduki iliyolia. Ni mwanamke mzee, dirisha na ndege, na dola lililomtumia likamtupa.

Kwa kipimo changu sehemu ya 2, "The Bibighar Gardens", inashuka hadi katikati. Ninajua wengi watapinga. Imeongozwa vizuri, Susan Wooldridge (Daphne) na Art Malik (Hari) wanaigiza kwa ukweli unaouma, na bila hiyo hakuna hadithi. Lakini ikisimama yenyewe inatufundisha jambo la hatari: kwamba msiba wa India mwaka 1942 ulikuwa msiba wa mapenzi ya watu wawili na wivu wa polisi mmoja. Hiyo ndiyo namna rahisi kuliko zote ya kuusamehe ukoloni, kumtwika mtu mmoja dhambi za mfumo mzima. Merrick wa Pigott-Smith ni mhusika mkubwa kweli, mtoto wa watu wa kawaida anayewachukia Wahindi kwa kuwa Waingereza wa tabaka la juu wanamdharau yeye. Ukubwa huo ndio unaotupumbaza. Tunamkodolea macho yeye, tunasahau aliyemteua, aliyesaini hati ya kumzuia Hari, na waliokuwa wakinywa chai.

Na hao wa chai ndio sababu ya mimi kuzitetea saa za Pankot, zile zinazoitwa za kuchosha. Wake wa maofisa wanakaa barazani, wanazungumza juu ya harusi, juu ya vyombo vya fedha vya kikosi, juu ya nani amemsalimu nani. Mtazamaji wa leo anasogeza mbele. Ninamwomba asisogeze. Katika mazungumzo hayo ndimo inamoamuliwa nani ni "mwenzetu", nani anaaminika, habari gani isitajwe mbele ya watumishi. Merrick hakuzaliwa bustanini Bibighar. Alitengenezwa na vibaraza kama hivyo ambavyo vilimwalika kwa nusu na kumkataa kwa nusu. Geraldine James akiwa Sarah Layton anazibeba saa hizo kwa uso tu. Anasikiliza, anaelewa, na kwa muda mrefu hafanyi lolote, na kutofanya kwake kunaonyeshwa kwa subira ambayo tamthilia za sasa hazina tena.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili katika sehemu hizo za kati. Merrick anapoteza mkono mwaka 1944, katika mapambano na Wajapani kwenye mpaka wa India na Burma. Mwaka uohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilikuwa inashuka bonde la Kabaw chini ya Jeshi la 14, jeshi lilelile. Wazee wetu walitembea katika tope la vita hiyo, na waliorudi walisimulia Burma kwa maneno machache. Ninapotazama maofisa wa tamthilia wakijadili uaminifu wa askari wa Kihindi, na kuwakasirikia wale waliojiunga na Jeshi la Taifa la India kupigana upande wa Japani, nawafikiria pia hao askari wetu, ambao uaminifu wao nao ulijadiliwa mezani na watu wasiojua majina yao.

Ninakozipa sehemu alama za chini ni pale anapoingia Guy Perron, kuanzia sehemu ya 10. Charles Dance anapendeza, Perron ni msomi, mcheshi, anamwona Merrick jinsi alivyo tangu siku ya kwanza, na watazamaji wengi wanamshukuru kwa kuleta hewa. Hapo ndipo shaka yangu ilipo. Perron anatupa mahali pazuri pa kukaa. Tukiwa upande wake tunaweza kuudharau ukoloni bila kudaiwa chochote, kama mgeni anayecheka ubovu wa nyumba akijua kesho anaondoka. Hadithi inakuwa pambano kati ya Mwingereza mwerevu na Mwingereza mbaya, na India inakuwa uwanja wao. Sehemu hizo zina mambo mazuri, hasa Mohammed Ali Kasim, mwanasiasa Mwislamu wa Congress aliyefungwa na Waingereza kwa uaminifu wake kwa chama, anapokutana na mwanawe ofisa aliyejiunga na jeshi la waasi. Baba na mtoto wanabishana juu ya kiapo: kinatolewa kwa nani, kinavunjwa lini. Laiti saa hizo zingekuwa zao.

Hilo linanifikisha kwenye pingamizi lenye nguvu kuliko yote, lililotolewa mwaka uleule wa 1984 na mwandishi Salman Rushdie. Aliiona tamthilia hii, pamoja na filamu nyingine za wakati huo kuhusu India ya Waingereza, kuwa sehemu ya Uingereza ya Margaret Thatcher kuitamani tena dola iliyopotea. Alisema Wahindi wamegeuzwa wapita njia katika historia yao wenyewe. Alisema pia kwamba kama lazima ubakaji utumike kama mfano wa uhusiano wa Uingereza na India, basi aliyebakwa angekuwa mwanamke wa Kihindi, na wabakaji wangekuwa Waingereza. Ukilikubali hilo lote, kupanga sehemu 14 ni kupanga viti ndani ya nyumba iliyoibwa.

Nakubali zaidi ya nusu ya hoja hiyo. Hari Kumar, mtu ambaye bila yeye hakuna hadithi, anatoweka mbele ya macho yetu kwa saa nyingi mfululizo. Nakubali pia kuna sehemu ya 15 ambayo haipo. Mwaka 1943, katikati ya miaka ya hadithi hii, njaa iliua watu wapatao milioni tatu katika jimbo la Bengal, wakati wa vita, chini ya serikali iliyokuwa na treni, maghala na takwimu. Hakuna sehemu hata moja kati ya zile 14 iliyotengwa kwa ajili yao. Ninapotofautiana na Rushdie ni hapa: tamthilia inajua upungufu wake, au angalau Barbie anaujua, na ndiyo maana anasema picha haijakamilika. Mpangaji makini anaweza kuuweka wazi upungufu huo badala ya kuufunika. Hebu hesabu ni sehemu ngapi Mhindi anasema jambo ambalo halihusu Mwingereza. Hesabu ni mara ngapi mtumishi anaingia na sinia na kutoka bila jina. Orodha iliyopangwa kwa hesabu hiyo ni uhakiki kamili, tena mkali kuliko nyota.

Kipimo hiki kina uzito nje ya runinga pia. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park, nchini Uingereza, mafaili yapatayo 8,800 yaliyoondolewa katika makoloni yake 37 wakati wa uhuru. Ukweli huo ulitoka kwa sababu ya kesi ya wazee wa Kenya walioteswa katika kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau, na mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Makovu yao walikuwa nayo miaka yote hiyo. Kilichokuwa kimefichwa ni karatasi: nani aliandika, nani alisoma, nani aliweka sahihi. Kizazi kilichozoeshwa kuuona ukoloni kwenye moto tu hakitajua hata kuuliza mafaili yako wapi. Na waandaaji wa tamthilia wanasoma namba zetu. Tukiendelea kuzipa nyota ghasia na kuzinyima meza, tamthilia ijayo ya ukoloni, itakayotengenezwa London, Mumbai au Nairobi, itakuwa na farasi wengi, milipuko mingi, na haitakuwa na Kandipat.

Imebaki sehemu ya 14, "A Division of the Spoils", ambayo naiweka ya tatu. Hapa nakubaliana na umati kuhusu nafasi, hatukubaliani kuhusu sababu. Ni Agosti 1947. Mpaka unaokata Punjab na Bengal umechorwa na mwanasheria, Cyril Radcliffe, aliyefika India Julai 8 na kupewa takriban wiki tano. Mamilioni ya watu watahama kwa ajili ya mstari huo. Treni inayowatoa Waingereza Mirat, himaya ya kubuni ya mtawala wa Kihindi, inasimamishwa njiani. Katika behewa la akina Layton yumo Ahmed Kasim, mtoto mwingine wa Mohammed Ali Kasim, Mwislamu, na walioko nje wanamtaka yeye. Wengi wanaikumbuka sehemu hii kwa maiti zilizotapakaa kando ya reli. Ninachokikumbuka mimi ni mlango. Ahmed anasema kwa upole kwamba inaelekea wanamtaka yeye, anashuka mwenyewe, na mlango unafungwa nyuma yake. Waingereza walioko ndani wanafika salama. Hakuna aliyemsukuma, na hakuna aliyemzuia.

Kisha Perron anakwenda kumtafuta Hari Kumar. Anaisaka nyumba mtaani, anaulizia, anaonyeshwa. Hari hayupo, siku hizi anajipatia riziki kwa kufundisha wanafunzi. Perron anaacha kadi yake pale mlangoni na kuondoka.